Simu Yako Ina RAM 8, Sawa. Kiraka cha Mwisho Kilikuja Lini?

Kabla uendelee kusoma, toka hapa kidogo. Ingia Mipangilio, shuka mpaka Kuhusu Simu, bonyeza toleo la Android, utafute mahali pameandikwa sasisho la usalama. Kuna tarehe hapo. Isome kwa sauti.

Kama ni ya mwezi huu ama uliopita, hongera, wewe ni mtoto wa sonko. Kama ni ya miaka miwili, mitatu iliyopita, vuta kiti tuongee.

Mimi nilisoma ya susu wangu Desemba tukiwa nyumbani Kathiani. Simu yenyewe ni mimi nilimpa. Niliinunua Machakos mjini, nikaitumia hadi kioo kikapasuka kona, nikampa ndio aweze kumuona shangazi yuko Qatar kwa video. Tarehe ilikuwa Agosti 2021. Na ndani ya hiyo simu kuna M-Pesa yake, pamoja na pesa za chama, kwa sababu susu ndiye mweka hazina. Wamama kumi na wanane wanaamini hiyo simu kuliko wanavyoamini benki.

Najua mtu akisikia usalama wa simu anawaza nywila, na wale matapeli wa "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali rudisha". Hao wapo, na kusema ukweli hao ndio wanakula watu wengi. Lakini kuna shimo lingine chini kabisa ya simu. Hilo huwezi kuliziba kwa kuwa mjanja, kwa sababu halihitaji wewe upigiwe simu na mtu yeyote. Liko kwenye kerneli.

Fikiria ploti ya kupangisha. Vyumba ndivyo RAM, apu zako ndizo wapangaji, na kerneli ndiye keateka. Anajua nani ako chumba gani, anampokea anayeingia, anamtoa aliyemaliza, na anahakikisha wewe wa chumba cha nne huingii cha saba kufunua sufuria ya watu. Hiyo kazi ya kugawa vyumba na kuvirudisha ndiyo usimamizi wa kumbukumbu. Inafanywa bila kupumzika, kila sekunde simu ikiwa imewaka, na programu yenye zaidi ya mistari milioni 30 ya msimbo, mingi ikiwa imeandikwa kwa lugha ya C. C ni kama ile boda isiyo na breki ya nyuma: inafika haraka, lakini ukikosea hakuna kitu kitakushika.

Sasa, keateka akikosea.

Kosa lake la kawaida ni hili: mpangaji amehama, chumba kimeandikwa kiko wazi, kimepewa mtu mwingine, lakini yule wa zamani bado ana ufunguo. Anarudi usiku. Safari hii hakuti viti vyake, anakuta vitu vya mwenyewe. Kwenye kompyuta hii ndiyo kutumia kumbukumbu ambayo tayari imeachiliwa. Mdukuzi anachofanya ni kupanga nani atahamia hicho chumba, ndio akirudi na ufunguo wa zamani akute kitu cha maana, kwa mfano ile karatasi inayosema nani ni bosi wa simu. Akiibadilisha hiyo, yeye ndiye bosi. Anasoma SMS zako, anaona unachobonyeza, anafungua maikrofoni. Na apu ya pesa itamwamini kwa sababu keateka amesema huyu ni sawa.

Hii si hadithi. Novemba 2017, roboti ya Google ya kuwinda makosa ya kerneli, inaitwa syzbot, iligonga kosa la aina hiyo ndani ya Binder, ile sehemu ya kerneli ya Android ambayo apu hupitishia mazungumzo yao. Februari 2018 likarekebishwa kwenye Linux. Kiraka chenyewe ni mistari michache, ungekisoma ukingoja chai ipoe. Kwa waandishi wa kerneli, mchezo ukaisha.

Mwisho wa Septemba 2019, Maddie Stone wa timu ya Project Zero ya Google akaripoti kwamba kosa hilo hilo bado liko hai kwenye simu za watu. Na hazikuwa simu za bei ya mtumba peke yake: Samsung Galaxy S7, S8 na S9, Huawei P20, Redmi 5A, Oppo A3, hata Pixel 2 ya Google wenyewe! Walikuwa wamepata habari kwamba linatumika tayari kuingilia simu, na kwamba kampuni ya Israel ya NSO Group ilihusika kulitumia ama kuliuza. NSO walikana. Januari 2020, kampuni ya Trend Micro ikaonyesha apu zilizokuwa zimekaa Play Store zikitumia kosa hilo, moja ikijifanya ya kamera. Namba yake ni CVE-2019-2215 kama unataka kwenda kujisomea.

Piga hesabu. Februari 2018 mpaka Oktoba 2019. Miezi ishirini kiraka kipo, kiko wazi kwa mtu yeyote kusoma. Na hapa ndipo watu hawaoni hatari: kiraka kikiwa hadharani, ni kama umebandika tangazo stendi kwamba nyumba fulani dirisha la nyuma halifungi. Wenye kurekebisha nyumba zao watarekebisha. Wenye kuiba nao wamesoma. Kurekebisha kosa bila kufikisha marekebisho kwa simu kunaweza kumwacha mwenye simu pabaya kuliko alivyokuwa kabla.

Sitaki mtu aseme nadharau wanaofanya hiyo kazi, kwa sababu ni kazi ngumu ajabu. Chukua kosa la Dirty COW. Kerneli ina ujanja wa kuokoa nafasi: programu nyingi zikitaka kusoma kitu kimoja, inawapa nakala moja wote. Ni kama notisi za somo pale saiba, ziko seti moja, kila mtu anasomea hapo. Ukitaka kuandika juu yake, unapigwa fotokopi yako kwanza, unaandika huko. Sasa mtu akagundua hivi: mkono mmoja uendelee kuomba kuandika, mkono wa pili uendelee kupiga kelele "tupa fotokopi yangu, tupa fotokopi yangu", haraka sana, maelfu ya mara. Kuna nukta moja keateka anachanganyikiwa. Ameshaamua huyu amepewa fotokopi, aandike tu. Kumbe fotokopi imetupwa sekunde hiyo hiyo. Unaandika kwenye seti yenyewe. Na kama ile seti ni faili ya mfumo ambayo hukuruhusiwa kugusa, umeigusa.

Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux mwaka wa 1991, alikuwa amejaribu kuziba hilo tundu 2005. Kiraka chake kikaleta shida kwenye mashine za aina nyingine, kikaondolewa. Kuanzia toleo la 2007 tundu likawa la kutumika vizuri, likakaa miaka tisa. Oktoba 2016 Phil Oester akalinasa kwa sababu mtu alilitumia kuvamia seva yake naye alikuwa anarekodi kinachoingia. Torvalds akaziba tena, na kwenye maelezo ya kiraka akaandika wazi kwamba jaribio lake la miaka kumi na mmoja nyuma lilikuwa baya. Namheshimu kwa hilo, nani huku kwetu anaandika hivyo kuhusu kazi yake? Na bado Novemba 2017 ikapatikana kwamba kuna kona moja, ya kurasa kubwa za kumbukumbu, kiraka hakikuifunika vizuri. Wakarudi tena.

Kwa hivyo usiniambie "waandike tu msimbo bila makosa". Watu werevu kuliko mimi na wewe wameanguka hapo. Wanachofanya siku hizi ni kupunguza nafasi ya kuanguka. Kuna chombo kinaitwa KASAN kinachopaka sumu vyumba vilivyoachwa ndio mwenye ufunguo wa zamani akiingia kengele ilie. Tangu Desemba 2022, Linux toleo la 6.1, msimbo wa lugha ya Rust umekubaliwa ndani ya kerneli, na Rust inakataa kukupa ufunguo wa chumba ulichohama. Google wanasema kwenye Android nzima makosa ya kumbukumbu yalikuwa asilimia 76 ya mianya ya usalama mwaka wa 2019, na kufikia 2024 yalikuwa yameshuka hadi 24. Kwa hivyo upande wa fundi mambo yanasonga.

Shida iko barabarani. Kiraka kikitoka kwa Linux kinapita Google, kinaenda kwa mwenye chipu, na kwa simu zetu hizi za bei nafuu huyo mara nyingi ni MediaTek ama Unisoc, halafu kwa kampuni yenye jina nyuma ya simu, halafu ndio kije kwako. Kila mmoja lazima aamue simu yako bado ina thamani ya masaa ya mhandisi wake. Na kampuni ikishaleta modeli mpya tatu, hiyo yako ya zamani ni nani anaitetea? Najua kuna mtu anataka kuniambia siku hizi Google hutuma masasisho moja kwa moja kupitia Play. Ni kweli, baadhi ya sehemu, tangu Android 10. Kerneli haiko kwenye hicho kikapu. Kerneli bado inapitia kwa mwenye simu.

Nilimwandikia mwenye simu. Kampuni iliyotengeneza ile ya susu, sitaitaja. Nikauliza lini sasisho la mwisho la usalama lilitarajiwa kwa hiyo modeli. Nikajibiwa nizime simu kisha niwashe. Nikaandika tena, nikaeleza pole pole. Nikaambiwa nifute apu nisizotumia ili kuongeza kasi.

Sasa twende kaunti yetu. Oktoba 2023 Rais Ruto alikuja Athi River kuzindua kiwanda cha kuunganisha simu cha East Africa Device Assembly Kenya. Simu za kwanza, Neon Smarta kwa shilingi 7,499 na Neon Ultra kwa 8,999. Mimi nilifurahi, sidanganyi. Simu imeunganishwa Machakos, na vijana wa Mavoko na Mlolongo, si ndoto hiyo? Mwenye hakuwa na elfu ishirini naye aingie intaneti. Lakini unakumbuka tuliambiwa nini siku hiyo? Bei. 4G. Ajira. Unganisha nchi. Na sisi tukasambaza bei, mimi nikiwemo. Hakuna kati yetu aliyeuliza swali ninalowauliza leo: simu ya 7,499 itatumiwa viraka hadi mwaka gani? Swali hilo linafaa Athi River kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hapo tuna kiwanda kwenye ardhi yetu, chini ya sheria yetu, na siwezi kusema tena kwamba uamuzi uko Shenzhen.

Mtu atasema, buda, simu ni elfu saba, unataka nini zaidi? Hii hoja ndiyo inanikera kuliko zote. Mwenye simu ya laki moja na nusu akivamiwa, ana benki, ana wakili, ana simu ya pili. Mwenye simu ya elfu saba, kila kitu chake kiko humo: karo, M-Pesa, mkopo, WhatsApp ya kazi, kitambulisho alichopiga picha. Huyo ndiye anahitaji kiraka zaidi. Tunapanga usalama kinyume: anayeweza kupoteza ndiye analindwa, asiyeweza anaambiwa ashukuru ana 4G.

Na siombi miujiza. Kila mwezi, kwa kila simu, kwa miaka kumi, hapana, najua hiyo haiwezekani kwa bei hiyo. Naomba tarehe. Ichapishwe kwenye sanduku, mbele, kwa herufi kubwa kama zile za kamera: viraka vya usalama hadi mwezi fulani, mwaka fulani. Maziwa ya mia moja pale dukani yana tarehe. Mkate una tarehe. Simu inayobeba pesa za wamama kumi na wanane haina.

Wengine wameshafanya. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamlazimu mtengenezaji kusema wazi muda wa chini kabisa atakaotuma masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya, tangu 20 Juni 2025, umeweka miaka mitano ya masasisho, ikihesabiwa kuanzia siku kampuni inapoacha kuuza modeli hiyo. Kampuni zinazouza huko na huku ni zile zile. Zikivuka bahari, tarehe zinajua kuandika. Zikifika Mombasa, kalamu inaisha wino.

Na usiniambie sheria yetu hairuhusu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na kitu alichonunua. Simu haiuzwi hapa kihalali bila idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hivyo mlango wa kuuliza swali upo tayari, na kuna mtu ameketi hapo na mhuri. Na serikali ikitaka kitu kuhusu simu yako inajua kukitafuta. Oktoba 2024 mamlaka hiyo hiyo ilitoa tangazo kwamba kuanzia Januari 2025 namba za IMEI za simu zinazoingizwa na zinazounganishwa hapa ziwasilishwe, ili ijulikane kama kodi imelipwa. Ikapingwa kortini, sawa. Lakini ona walikuwa wameshafikiria mpaka namba ya kila simu moja moja. Kodi ya simu waliifikiria hadi tarakimu ya kumi na tano. Mwisho wa viraka hawajaandika hata mstari.

Halafu kuna sisi. Sisi wa kufungua masanduku mbele ya kamera. Nimeangalia tena video zangu kumi za mwisho za simu na naona aibu. Nimepima betri, nimepiga picha usiku pale Mulu Mutisya, nimecheza gemu, nimesoma kwa furaha "RAM 8" iliyoandikwa kwenye sanduku. Mnajua ile RAM 8 ni nini mara nyingi? Ni 4 ongeza 4. Nne ni za kweli, nne nyingine ni sehemu ya hifadhi ya simu inayoazimwa kujifanya RAM, na hifadhi haiwezi kukimbia kama RAM hata kidogo. Yaani wanatuuzia ujanja wa usimamizi wa kumbukumbu kwa herufi za rangi, halafu makosa ya usimamizi huo huo wa kumbukumbu hayana hata nukta. Na sisi tunawasomea tangazo bure. Wengine si bure, na mnajijua.

Kuanzia video ijayo kwangu simu haipati alama kama hatuna tarehe. Nitauliza kampuni kwa maandishi, nitangoje wiki mbili, nitasoma jibu hewani, hata kama jibu ni kuzima na kuwasha. Mkituma simu ya kupima na hamna jibu, nitairudisha kwenye sanduku lake. Na ninyi mkienda dukani, muulize yule kijana wa kaunta kabla ya kuuliza kama kuna kava ya bure. Hatajua, si kosa lake. Lakini akiulizwa mara thelathini kwa siku atamuuliza bosi wake, na bosi atamuuliza anayemletea mzigo. Ni hivyo hivyo tulivyoanza kuuliza kama simu ina 4G, hadi wakaanza kuiandika kwenye sanduku bila kuulizwa.

Kuna wale watasema jiwekee kerneli mpya mwenyewe, wewe si fundi? Nimejaribu. Leseni ya Linux inasema anayeuza kifaa chenye kerneli hiyo lazima atoe msimbo wake kwa anayeuomba. Niliomba, bado nangoja. Na hata ningeupata, simu yenyewe imefungwa isikubali kerneli isiyo ya kampuni. Na hata ingefunguka, nani atafanya hivyo kwa simu ya jirani, ya mwalimu wa chekechea, ya mama wa mboga Marikiti? Ploti haiendeshwi hivyo.

Ya susu tumeimaliza hivi. Nimetoa laini yake nikairudisha kwenye mulika mwizi yake ya zamani, M-Pesa inafanya kazi kama kawaida, menyu ya laini tu. Simu janja imebaki ya Wi-Fi nikija nayo, kwa ajili ya shangazi. Hakupenda. Mulika mwizi haina video, na mimi siko Kathiani kila siku. Aliniuliza kama hiyo nyingine imeharibika, kwa sababu yeye anaiona inawaka vizuri, kioo kinang'aa, betri inafika jioni. Nikamwambia haijaharibika, ni wenyewe wameiacha.

Akauliza waliiacha lini, na mbona hawakumwambia.